Langston Hughes: Mshairi aliyepandisha lugha ya mtaa jukwaani

Katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, lipo jumba la maigizo liitwalo Karamu House. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo. Karamu ni karamu: watu wamealikwa, chakula kipo, ngoma inalia na hakuna anayefukuzwa mlangoni. Ajabu ni kwamba waanzilishi wa jumba hilo hawakuwa Waswahili. Walikuwa mume na mke Wazungu, Russell na Rowena Jelliffe, walioanza kazi mwaka wa 1915 katika mtaa wa watu wa kipato cha chini, wakitaka watoto na wazazi wa rangi zote wakutane, wacheze na waigize pamoja. Jina la Kiswahili lilipewa kwanza ukumbi wa maigizo katika miaka ya 1920, kisha mnamo 1941 likawa jina la jumba zima. Wenyewe hulifasiri kuwa mahali pa kukutania kwa furaha. Tafsiri hiyo imelinyoosha neno kidogo, maana kwetu karamu ni shughuli wala si mahali, lakini roho ya neno imebaki.

Miongoni mwa vijana waliolelewa kisanaa na akina Jelliffe alikuwamo mwanafunzi mmoja wa Central High School, Langston Hughes. Wengi wetu tuliosoma fasihi ya Wamarekani Weusi tunamjua kama mshairi wa Harlem, mtu wa mashairi mafupi yenye mahadhi ya bluzi na jazi. Wachache wanajua kwamba kwa zaidi ya miaka 30 mtu huyu aliandika tamthilia, maneno ya opera, filamu na vipindi vya runinga, na kwamba aliunda makundi ya maigizo katika majiji kadhaa. Katika makala haya ninakusudia kuifuata safari hiyo kwa kuongozwa na swali moja ambalo kila mpenzi wa lugha anapaswa kujiuliza: lugha ya mtu wa kawaida inapopandishwa jukwaani, ni nani hasa anayeimiliki?

Tuanze na malezi. Hughes alilelewa kwa muda mrefu na nyanyake huko Lawrence, Kansas. Babake alihamia Mexico. Mamake, Carrie, alikuwa na ndoto ya kuwa mwigizaji na alizoea kumpeleka mwanawe kutazama maigizo. Hughes alichapisha shairi lililomtambulisha mnamo 1921 katika jarida la The Crisis, na diwani yake ya kwanza, The Weary Blues, ikatoka mwaka wa 1926. Mwaka uliofuata alipotoa diwani ya pili, baadhi ya magazeti ya Weusi wenyewe yalimshambulia vikali. Kosa lake? Eti aliandika kuhusu makuli, wapishi, walevi na wanawake wa vichochoroni, tena kwa ulimi wao. Wasomi hao walitaka Mweusi aonekane kitabuni akiwa amevaa tai na kuzungumza Kiingereza cha darasani. Msomaji anayefuata mijadala yetu kuhusu Sheng na lahaja za Kiswahili atautambua mzozo huo bila kuelekezwa.

Jibu la Hughes lilikuwa kwamba msanii anayeionea haya lugha ya watu wake hana atakachosema. Lakini kitabu humfikia anayejua kusoma na mwenye pesa za kukinunua. Jukwaa humfikia mwenye masikio. Ndiyo maana mshairi huyu aligeukia tamthilia.

Hatua yake mojawapo ya mwanzo iliishia kwa majonzi. Mnamo 1930 alishirikiana na Zora Neale Hurston, mwandishi na mtafiti wa ngano za Weusi wa Florida, kuandika tamthilia ya kuchekesha iitwayo Mule Bone. Hurston alileta hadithi na misemo aliyoikusanya vijijini, naye Hughes akaleta ufundi wa kuijenga. Lengo lao lilikuwa kuwaonyesha watu wa kijiji wakipiga soga, wakitaniana na kuchongoana kwa Kiingereza chao halisi, si kile cha kubuni kilichotumiwa na waigizaji Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwakejeli Weusi. Tamthilia yenyewe inawahusu marafiki wawili wanaokosana kwa sababu ya mwanamke, mmoja akampiga mwenzake kwa mfupa wa nyumbu. Kumbe waandishi nao walikuwa njiani kukosana! Kundi la waigizaji la Cleveland, lile lile la akina Jelliffe, lilikuwa tayari kuiigiza mapema mwaka wa 1931, lakini Hughes na Hurston wakagombana kuhusu ni nani mwenye haki ya kuitwa mtunzi. Mpango ukavunjika, na urafiki nao ukafa. Hurston alifariki mwaka wa 1960 na Hughes mwaka wa 1967. Mule Bone ilipanda jukwaa la Broadway mnamo 1991, wakati wote wawili wamekwisha kuwa mavumbi.

Pigo la pili lilitoka upande wa filamu. Mwaka wa 1932 Hughes alikuwa mmoja wa Wamarekani Weusi 22 waliosafiri hadi Moscow kutengeneza filamu iliyoitwa Black and White, kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya chuma huko Birmingham, Alabama. Warusi walimkabidhi mswada ili aunyooshe lugha. Alipousoma alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika baadaye. Aliyeuandika hakuwa amekanyaga Marekani. Kulikuwamo Weusi matajiri wenye kituo chao cha redio mjini Birmingham, jambo ambalo enzi hiyo lisingefikirika, na wafanyakazi Wazungu wa Kaskazini waliokimbia mbio kwenda kuwaokoa ndugu zao Weusi. Mwelekezi alikuwa Mjerumani. Waigizaji wenyewe wengi walikuwa vijana wasomi wa mijini ambao hata kuimba nyimbo za watumwa wa Kusini hawakujua vizuri. Filamu ikafutwa. Wapo waliodai kwamba serikali ya Kisovieti iliitupa kapuni ili isiikasirishe Marekani wakati ikitafuta uhusiano wa kibalozi. Hughes binafsi aliona kwamba mswada wenyewe ulikuwa hauponyeki. Waandalizi walikuwa na nia njema kabisa, lakini nia njema haitoshi kumwandikia mtu maneno ambayo hajawahi kuyasema.

Ya Broadway yalikuwa machungu zaidi kwa sababu yalifanikiwa. Tamthilia yake Mulatto, yaani chotara, ilifunguliwa Oktoba 1935. Inasimulia habari za Robert, kijana aliyezaliwa na mwenye shamba Mzungu huko Georgia pamoja na Cora, mwanamke Mweusi aliyeitunza nyumba yake kwa miaka mingi. Robert anadai aitwe mwana wa babake. Baba anakataa. Mwisho wake ni damu: kijana anamuua mzee, kisha anajiua kabla ya kundi la Wazungu wenye hasira kumfikia. Tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 373, na ikawa tamthilia ya mtunzi Mweusi iliyodumu muda mrefu zaidi Broadway hadi pale Lorraine Hansberry alipotoa A Raisin in the Sun mwaka wa 1959. (Kichwa hicho nacho Hansberry alikichota kutoka kwa shairi la Hughes.)

Sasa sikiliza yaliyofanyika nyuma ya pazia. Mtayarishaji, Martin Jones, aliupangua mswada ili uvutie wanunuzi wa tiketi. Katika maandishi ya Hughes, dadake Robert anaondoka nyumbani kwenda kusoma Kaskazini. Katika toleo la Broadway msichana huyo alifanywa akose garimoshi, arudi nyumbani na abakwe. Hivyo ndivyo mtayarishaji alivyomgeuza binti aliyekuwa tumaini pekee la mamake kuwa kivutio cha ukumbini. Watazamaji waliomiminika kwa takriban mwaka mzima, wakidhani wanamsikia Langston Hughes, kwa sehemu walikuwa wakimsikia Martin Jones. Mtunzi akapata jina, ila ilimbidi agombane ili apate hata mirabaha yake.

Je, Hughes alikata tamaa? La. Alirudi Cleveland, kwenye karamu. Kati ya 1936 na 1939 kundi la akina Jelliffe liliigiza tamthilia zake kadhaa mpya. Mojawapo ni Little Ham, kichekesho kuhusu wakazi wa Harlem na kamari ya nambari iliyowatia wazimu siku hizo. Mhusika mkuu ni mpiga viatu rangi, mwanamume mfupi anayependa wanawake. Jina lake kamili ni Hamlet. Hebu litazame jina hilo kwa jicho la mwanaisimu. Shakespeare alimfanya Hamlet mwana wa mfalme. Hughes akampa brashi na kopo la rangi ya viatu, akamwacha aseme Kiingereza cha kichochoroni, na hakuomba radhi kwa yeyote.

Mnamo 1938 alipiga hatua kubwa zaidi. Alianzisha kundi lake, Harlem Suitcase Theatre, yaani ukumbi wa sanduku, kwa kuwa vifaa vya jukwaani vilikuwa vichache kiasi cha kuweza kutiwa sandukuni. Walikodi chumba katika jengo la chama cha wafanyakazi kwenye barabara ya 125, katikati ya Harlem. Hawakuwa na pazia wala mandhari ya kupakwa rangi. Kiingilio kilikuwa senti 35. Tamthilia ya ufunguzi, Don't You Want to Be Free?, ilisuka mashairi yake, nyimbo za kanisani na bluzi kuwa historia ya Weusi kuanzia utumwani hadi foleni za wasio na kazi. Mmoja wa waigizaji wakuu alikuwa Robert Earl Jones, babake James Earl Jones, ambaye watoto wetu wanaijua sauti yake ya Mufasa katika filamu ya The Lion King. Tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 135, idadi ambayo Harlem haikuwa imeiona. Hapo hakuna mtayarishaji aliyembakisha msichana kijijini ili tiketi ziuzwe. Wenye lugha walikuwa jukwaani, na wenye lugha walikuwa vitini.

Linganisha na yaliyofuata mwaka mmoja tu baadaye. Mwaka wa 1939 Hughes na mwigizaji Clarence Muse waliiandikia Hollywood filamu ya Way Down South. Mtayarishaji, Sol Lesser, alitaka chombo cha kumbebea mwimbaji mtoto Mzungu aliyekuwa kipenzi cha watazamaji, Bobby Breen. Hadithi ni ya mtoto yatima mwenye shamba Louisiana, ambaye anawaokoa watumwa wake wasiuzwe na msimamizi mwovu. Watumwa wanaimba, wanacheza na kumpenda bwana wao mdogo. Mtu aliyekuwa ametoka kuandika historia ya utumwa kwa watu wa Harlem kwa senti 35 sasa alikuwa anauza utumwa wenye tabasamu. Wenzake wa mrengo wa kushoto walimsuta, na sioni ni kwa nini wasingemsuta. Lakini tuwe waadilifu. Mamake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, madeni yalimlemea, yakiwamo ya mazishi, na Hollywood ndiyo iliyokuwa na pesa. Malipo hayo yalimpa pia nafasi ya kukamilisha tawasifu yake, The Big Sea, iliyotoka mwaka wa 1940. Mwenye njaa hana miiko, walinena wahenga, na msanii naye ana tumbo.

Hata hivyo, si kila alipofanya kazi na wengine ndipo alipoporwa. Mwaka wa 1947 aliandika maneno ya nyimbo za Street Scene, tamthilia ya Elmer Rice iliyogeuzwa opera na Kurt Weill, Myahudi Mjerumani aliyemtoroka Hitler. Wahusika wake wengi ni Wazungu maskini na wahamiaji wanaoishi katika jengo moja la kupanga jijini New York. Rice na Weill walimchagua Hughes kwa sababu walitaka mshairi anayejua kuimbisha mazungumzo ya ngazini na dirishani bila kuyapamba. Hoja ni nzito: sikio lililozoea kuusikiliza mtaa mmoja kwa heshima liliweza kuusikia mtaa mwingine. Mapato ya kazi hiyo yalimwezesha hatimaye kumiliki nyumba pamoja na wazee rafiki zake kwenye barabara ya 127, Harlem, naye akaishi humo hadi mwisho wa maisha yake. Mnamo 1949 opera nyingine, Troubled Island, kuhusu mapinduzi ya Haiti, iliimbwa na kampuni ya New York City Opera. Maneno yalikuwa ya Hughes kwa sehemu kubwa na muziki wa William Grant Still. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni kubwa ya Marekani kuandaa opera ya mtunzi Mweusi wa muziki.

Kilele cha kazi yake ya lugha, nionavyo mimi, ni mhusika aitwaye Simple. Alizaliwa mwaka wa 1943 katika safu ya Hughes kwenye gazeti la Chicago Defender: mfanyakazi wa kawaida anayeketi baa, anakunywa bia na kutoa maoni kuhusu kodi ya nyumba, ubaguzi, wanawake na vita. Mwaka wa 1957 Simple alipanda jukwaani katika Simply Heavenly. Maonyesho ya mwanzo yalisitishwa kwa sababu za usalama wa moto, kisha yakahamia Broadway, na mnamo 1959 tamthilia ikaonyeshwa kwenye runinga. Ndani yake kuna tukio moja la thamani kubwa. Bwana mmoja anaingia baa, anawatazama wanywaji na kuwalaumu kwamba wanaishi kama vile vikaragosi ambavyo Wazungu huvichora wanapowadhihaki Weusi. Mamie, mwanamke mwenye mdomo, anamjibu papo hapo. Kwani aache kupenda tikitimaji kwa sababu kuna mtu alilifanyia mzaha? Mimi naisoma kauli hiyo kuwa jibu la Hughes kwa wahakiki wa 1927, lililochelewa kwa miaka 30.

Miaka ya mwisho ilimwona akienda kanisani. Black Nativity, iliyofunguliwa New York Desemba 1961, ilisimulia kuzaliwa kwa Yesu kwa nyimbo za injili na mahubiri ya makanisa ya Weusi. Ilialikwa Italia na Uingereza. Huko Boston imekuwa desturi ya Krismasi tangu 1970, na mwaka wa 2013 mwelekezi Kasi Lemmons alitoa filamu kutokana nayo. Naye Harry Belafonte, yule yule aliyeimba Malaika pamoja na Miriam Makeba, alitayarisha kipindi cha runinga cha The Strollin' Twenties kilichorushwa na CBS mwaka wa 1966, Hughes akiwa mwandishi. Harlem ya ujana wake ikaingia sebuleni mwa Wamarekani mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Kuna kituo kimoja cha safari hii kinachotugusa moja kwa moja. Juni 1962 Hughes alihudhuria mkutano wa waandishi Waafrika katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Hapo ndipo alipokutana na mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, ambaye Novemba mwaka huo huo tamthilia yake, The Black Hermit, iliigizwa katika ukumbi wa kitaifa wa Uganda. Lakini mkutano ule ulikuwa wa waandishi watumiao Kiingereza. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kuandika kwamba yeye, akiwa na hadithi fupi mbili tu mkononi, alistahili kualikwa, ilhali Shaaban Robert hakustahili. Shaaban alikuwa hai mkutano ulipoanza. Alifariki mwezi huo huo.

Nikiitazama picha hiyo huona kinaya kikubwa. Mgeni wa heshima alikuwa mtu aliyetumia maisha yake kuudhihirishia ulimwengu kwamba lugha ya watu wa kawaida inatosha kubeba fasihi. Mlango wa mkutano uliomwalika ulifungwa kwa kufuli ya lugha. Sidai kwamba Hughes ndiye aliyempeleka Ngũgĩ Kamĩrĩĩthũ miaka 15 baadaye, kuandika na kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ pamoja na wanakijiji. Ninachodai ni kwamba Harlem Suitcase Theatre na ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ vilitoa jibu moja kwa swali nililoanza nalo. Lugha ya jukwaani humilikiwa na yule anayeweza kumkataza mwingine asiibadilishe. Hughes alikuwa bwana wa maneno yake alipokuwa na chumba cha kukodi na sanduku la vifaa. Aliponyang'anywa neno la mwisho huko Moscow, Broadway na Hollywood, maneno yakabaki na jina lake lakini hayakuwa yake.

Nawaachia wanafunzi na watafsiri kazi. Tukitaka Simple azungumze nasi, tutampa Kiswahili gani? Tukimpa Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari tutakuwa tumemvika ile tai aliyoikataa. Tukimpa Sheng ya mwaka huu, itakuwa imechuja kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Pengine anayefaa ni yule mzee wa baa ya mtaani anayechanganya Kiswahili cha Mombasa alikofanyia kazi, cha Nairobi anakoishi na methali za nyanyake, na bado kila mtu mezani akamwelewa. Kiswahili hicho kipo, na nimekisikia. Ni vitabuni mwetu ndimo nisimokipata.